Ukimaliza, Utakuwa Daktari?

Mara ya kwanza Mama aliponiuliza swali hilo tulikuwa mwaloni Kibirizi, asubuhi na mapema, wavuvi wakishusha dagaa waliovua usiku. Ilikuwa Septemba 2023. Nilikuwa nimekuja kuaga. Kwenye pochi nilikuwa na barua mbili: moja ya ruhusa ya masomo kutoka kwa mwajiri wangu, nyingine ya udahili kutoka Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, shahada ya uzamili ya ukunga na afya ya wanawake. Mama alinisikiliza huku akichambua dagaa wa juu kwenye beseni ili aone walio chini, maana wapo wauzaji wanaoweka wazuri juu na mchanga chini. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo wanawake wenzake wote waliisikia:

"Ukimaliza, utakuwa daktari?"

"Hapana, Mama. Nitakuwa muuguzi. Mkunga."

"Si ndiyo ulivyo sasa?"

"Ndiyo."

Akamlipa mvuvi, akainua beseni. "Haya," akasema. "Mungu akusimamie."

Tangu siku ile nimeulizwa swali hilo na watu wengi. Nimeulizwa na dereva wa bodaboda pale Upanga, na baba mdogo kwenye harusi, na madaktari vijana tunaofanya nao kazi. Hakuna aliyeuliza kwa ubaya. Katika vichwa vya watu wengi hospitali ni ngazi moja tu: mhudumu, nesi, tabibu, daktari. Anayesoma anapanda. Sasa nesi anayesoma miaka miwili zaidi, akatumia fedha na usingizi, halafu akabaki nesi, ni kama mtu aliyepanda ngazi hadi juu akateremka palepale alipoanzia. Lazima umuulize kama ana akili timamu.

Kwa muda mrefu sikuwa na jibu zuri. Nilikuwa na jibu la kwenye fomu ya maombi, ambalo halimtoshi mtu anayeuza dagaa. Haya ninayoyaandika hapa ni jaribio la kumjibu Mama.

*

Nimezaliwa Ujiji. Bibi mzaa mama ni Mmanyema. Nyumbani tunaongea Kiswahili, na Kiha nilikijua kwa majirani na sokoni. Watalii wanaokuja kwetu wanapelekwa kwenye jumba la makumbusho la Livingstone, mahali ambapo Stanley alimkuta mwaka 1871, wanapigwa picha, wanaondoka. Sisi tulipita pale kila siku kwenda ziwani na hatukuwa na habari naye sana. Jambo lililonifanya niwe muuguzi lilitokea karibu miaka 150 baadaye.

Mwezi Mei 2015 nilikuwa kidato cha sita mjini Kigoma, mitihani ikielekea ukingoni. Burundi kulikuwa kumechafuka, na watu kwa maelfu walikuwa wamevuka na kurundikana Kagunga, kijiji kidogo cha mpakani kilichobanwa kati ya mlima na ziwa. Kipindupindu kikaingia. MV Liemba, meli iliyoletwa na Wajerumani kabla ya mimi, mama yangu wala bibi yangu kuzaliwa, ikaanza kwenda kuwachukua na kuwaleta Kigoma, na Uwanja wa Lake Tanganyika ukageuka kambi ya kupita. Mama na wenzake walipeleka maji na uji. Nikamfuata nikiwa nimevaa sare ya shule.

Niliona mengi siku ile. Lililobaki kichwani ni nesi mmoja wa makamo aliyevaa mabuti ya mpira yanayonuka klorini. Alikuwa amechuchumaa mbele ya mtoto, anamnywesha maji yenye chumvi na sukari kwa kijiko. Kijiko kimoja, anasubiri. Kingine, anasubiri. Watu wanapiga kelele pande zote na yeye anahesabu vijiko. Daktari alipita, akamwangalia mtoto, akauliza kitu, nesi akajibu, daktari akaendelea na safari yake. Nilielewa kwamba aliyekuwa anamrudisha yule mtoto ni yule mwenye kijiko. Nilipojaza fomu za chuo, chaguo la kwanza nikaandika uuguzi. Alama zangu zilitosha kuomba udaktari, na mwalimu wangu wa baiolojia hakunisamehe mpaka leo.

*

Baada ya shahada ya kwanza na mwaka mmoja wa mafunzo kazini, mwaka 2021 nikapangiwa kituo cha afya kwenye kijiji kimoja cha mwambao, kaskazini mwa mji. Milima inashuka mpaka majini na barabara ya gari hakuna. Kila kitu kinaingia na kutoka kwa boti: saruji, soda, mwalimu mpya, maiti.

Mimi ndiye niliyekuwa na shahada pale. Aliyekuwa na ujuzi ni mwingine. Kijiji kizima kilimwita Mama Mkunga, nami nikamwita hivyo hivyo. Alikuwa na cheti alichokipata miaka ya 1980, na alikuwa amezalisha wanawake ambao baadaye aliwazalisha mabinti zao. Kwa karatasi, mimi nilikuwa mkubwa wake. Nilikuwa ndiye ninayejaza taarifa za mwezi na kusaini. Yeye aliniita mwanangu, nami nilimwamkia shikamoo, na mambo yakaenda vizuri.

Usiku mmoja wa Julai 2022 alijifungua mwanamke wa miaka 22, uzazi wa pili. Mtoto wa kike, alilia mara moja. Kondo la nyuma likatoka, nikalikagua, lilikuwa zima. Nikaangalia damu iliyokuwa kwenye kanga na kwenye beseni, nikaandika kwenye faili: mililita 300. Hiyo ilikuwa kawaida; wakati ule tulianza kuhesabu hatari ikifika 500. Nikageuka kumpima mtoto uzito.

Mama Mkunga aliingia kuchukua glavu. Akapita kwa yule mwanamke, akaweka kiganja chini ya kitovu, akakiacha hapo.

"Tumbo limelegea," akasema. "Na mikono yake ya baridi."

"Damu ni mia tatu tu, Mama."

Hakunibishia. "Sawa, mwanangu. Lakini njoo ushike."

Nilishika. Mji wa mimba uliotakiwa uwe mgumu kama dafu ulikuwa laini, unabonyea. Tulipomgeuza yule mwanamke ubavu, kanga ya pili iliyokuwa chini ya mgongo ilikuwa imelowa yote, na chini yake godoro.

Tukafanya tulichojua. Tukakanda tumbo, tukampa oksitosini, tukaweka dripu mbili, tukamwekea mpira wa mkojo. Damu ikapungua lakini haikukata. Kwenye saa saba usiku tukaamua kumpeleka mjini. Mwenye boti alikuwa ziwani anavua; akapigiwa simu, akaacha nyavu zake akaja na taa zake zikiwaka. Ilikuwa majira ya kusi na ziwa lilikuwa halijatulia.

Safari ilichukua saa mbili. Mama Mkunga alipiga magoti juu ya mbao za boti, mkono mmoja ndani, mwingine juu ya tumbo, akaubana mji wa mimba katikati ya mikono yake miwili ili damu isipate njia. Alipochoka nilipokea mimi. Nilipochoka alipokea yeye. Mama mkwe wa yule mwanamke alishika dripu kwa mkono ulioinuliwa juu kama anayeomba kuuliza swali darasani. Mtoto alikuwa amefungwa kifuani kwa shangazi yake, amelala.

Gari la wagonjwa lilikuwa likitusubiri Kibirizi. Alfajiri wakamfanyia upasuaji. Aliyemlaza usingizi alikuwa muuguzi aliyesomea kazi hiyo, kama ilivyo katika hospitali nyingi za nchi yetu. Wakati ule sikulitilia maanani. Sasa nalifikiria mara kwa mara. Mji wa mimba ukatolewa. Akapona.

Nilirudi na boti ya mchana, nikakuta faili mezani nilivyoliacha. Mililita 300, kwa mwandiko wangu mzuri.

Hakuna aliyenilaumu. Tulikaa kuzungumzia tukio lile kama utaratibu unavyotaka, ikaandikwa kwamba mgonjwa aligundulika, akahudumiwa, akapewa rufaa, akapona. Yote ni kweli. Kwamba zilipita kama dakika 20 kati ya nambari yangu na kiganja cha Mama Mkunga, hilo halikuandikwa. Sijui kama dakika hizo 20 ndizo zilizomnyima yule mwanamke mji wake wa mimba. Sitajua. Nilichojua ni kwamba mtu mwenye cheti alijua kitu ambacho mimi mwenye shahada sikukijua, na nilipomuuliza amejuaje, alisema, "Unazoea tu."

Jibu hilo ndilo lililonipeleka Muhimbili. Mama Mkunga alikuwa amebakiza muda mfupi tu kustaafu. Kama alichokuwa nacho kinapatikana kwa kuzoea tu, basi mimi nilihitaji miaka 30 na wanawake wengi wa kukosea. Nilitaka njia fupi zaidi, kwa ajili yao zaidi kuliko kwa ajili yangu.

*

Masomo ya uzamili kwa muuguzi yana siku zake za kuchosha ambazo hakuna anayekuambia. Kuna takwimu. Kuna nadharia za uuguzi ambazo mwanzoni unaona kama zimeandikwa na mtu ambaye hajawahi kutoa bedpani. Kuna zamu za mafunzo wodini, na kurudi hosteli usiku kusoma kwa ajili ya kesho. Wengi wetu tulikuwa watumishi walioacha vituo, familia na mikopo ya benki.

Lakini kuna siku nyingine. Siku moja katika muhula wa kwanza tulipewa kusoma utafiti kuhusu kutokwa damu baada ya kujifungua, uliochapishwa Mei 2023. Ulifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, kwa wanawake zaidi ya 200,000. Upande mmoja wakunga waliendelea na kawaida yao, yaani kukadiria damu kwa macho. Upande mwingine waliweka chini ya mama mfuko wa plastiki wenye mistari ya vipimo, kama jagi la kupimia maji, na damu ikifika kwenye mstari wanaanza mara moja mambo yote kwa pamoja: kukanda, dawa za kukaza mji wa mimba, dawa ya kugandisha damu, dripu, na kuchunguza damu inatoka wapi. Penye mifuko, madhara makubwa yalipungua kwa asilimia 60.

Si nambari hiyo iliyonishika. Ni nyingine, ya ndani zaidi. Penye mifuko, katika kila wanawake 100 waliotokwa damu kupita kiasi, 93 waligunduliwa. Penye macho, waligunduliwa 51.

Hamsini na mmoja. Karibu nusu hawakuonekana. Na wale hawakuwa wakunga wazembe. Walikuwa watu kama mimi, wenye kalamu na faili, wanaoandika 300. Nilifunga kompyuta nikaenda kunywa chai kwa mama ntilie nje ya geti, na nilikaa pale mpaka chai ikapoa. Mwaka mzima na zaidi nilikuwa nimebeba usiku ule kama dosari yangu binafsi. Sasa nilikuwa naambiwa kwamba jicho la binadamu ndivyo lilivyo, kwamba kanga inaficha, kwamba godoro linameza. Nilipata nafuu, na papo hapo nikakasirika. Kama jambo hili linajulikana, kwa nini usiku ule ilibidi tutegemee bahati ya mtu kuingia kuchukua glavu?

Katika somo jingine nikakutana na Patricia Benner, muuguzi wa Marekani aliyeandika mwaka 1984 jinsi muuguzi anavyokua kwa hatua tano, kutoka mgeni wa kazi hadi mbobezi. Anasema mbobezi hatumii tena kanuni moja baada ya nyingine. Anaona hali nzima kwa pamoja, na mara nyingi hawezi kueleza ameonaje. Nilicheka peke yangu maktaba. Unazoea tu.

Nikasoma pia habari za Loretta Ford, muuguzi wa afya ya jamii, ambaye mwaka 1965 pamoja na daktari wa watoto Henry Silver walianzisha katika Chuo Kikuu cha Colorado mafunzo ya kwanza ya muuguzi mwenye madaraka ya kupima, kutambua ugonjwa na kutibu. Walianza kwa sababu huko vijijini hakukuwa na madaktari wa kutosha. Nikaona milima ya kwetu inavyoshuka ziwani. Leo nchi nyingi zina wauguzi wa ngazi hiyo, na Baraza la Kimataifa la Wauguzi katika mwongozo wake wa 2020 linapendekeza kwamba elimu yao ya chini iwe uzamili.

Kwetu Tanzania pengo lile lilizibwa kwa njia nyingine. Tulifundisha matabibu, na tukafundisha madaktari wasaidizi mpaka wakaweza kumpasua mama na kumtoa mtoto. Ilikuwa busara, na imeokoa watu wengi. Ila muuguzi alibaki alipokuwa kwenye ile ngazi ya vichwani mwetu, ingawa usiku, kwenye kituo kisicho na daktari, ndiye anayetambua, anayeamua na anayebana mji wa mimba kwa mikono yake kwenye boti. Kazi ya ngazi ya juu tunaifanya. Jina lake na mamlaka yake ndivyo vinavyokosekana, na mara nyingi hata elimu yake tunaikosa.

Nisije nikaonekana nasema hakuna lililobadilika. Takwimu za taifa zinaonyesha vifo vya wajawazito na waliojifungua vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 katika utafiti wa 2022. Katika mteremko huo imo mikono ya akina Mama Mkunga wengi ambao hakuna atakayeandika majina yao.

*

Nilisema fedha na usingizi. Kuna gharama nyingine ambayo hailipwi na anayesoma.

Nilipoondoka, nafasi yangu haikujazwa mara moja. Mama Mkunga na mwenzake mmoja wakagawana zamu zangu za usiku. Alinipigia simu mara mbili kwa mwaka mzima, kuniuliza naendeleaje na kama nakula. Hakulalamika. Mimi ndiye niliyekuwa nikihesabu: kila usiku niliolala hosteli, kule kuna mtu amelala nusu yake.

Halafu mwaka 2024 uvuvi ulisitishwa Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana. Nilisoma sababu zake na nilizikubali. Sisi watoto wa mwaloni tunajua dagaa wamepungua. Lakini miezi mitatu bila dagaa ni miezi mitatu bila kazi kwa Mama. Alikuwa amenisaidia sehemu ya ada. Alianza kuuza maandazi barabarani, na kwenye simu aliniambia biashara ni nzuri. Dada yangu ndiye aliyenieleza kwamba maandazi yanayobaki ndiyo chakula cha usiku. Wiki ile nilikuwa nikiandaa wasilisho kuhusu maana ya neno ubobezi. Nililiwasilisha, nikapata alama nzuri, na nilijisikia vibaya siku nzima.

Kwa hiyo watu wanaposema kusoma ni kujiendeleza, mimi husikia neno hilo nusu. Mtu akijiendeleza, wapo wanaobaki wameshika alichokiacha. Nikitoka na shahada hii nikaitundika ukutani ofisini, nitakuwa nimewakopa watu bila nia ya kulipa.

*

Mwaka huu, 2025, nimerudi nyumbani kukusanya data za tasnifu. Nilikuja kwa treni, zaidi ya kilomita 1,200, na kama kawaida nilijua tumekaribia pale harufu ya mawese ilipoanza kuingia madirishani stesheni kwa stesheni. Utafiti wangu unahusu jambo moja dogo: wakunga wa vituo vya mwambao wanakadiriaje damu, na nini kinawafanya waamue kutoa rufaa. Kibali cha maadili ninacho, fomu ninazo, na hayo nitayaandika kwingine kwa lugha yake.

Hili halimo kwenye tasnifu. Mama Mkunga amestaafu, anaishi Ujiji kwa mwanawe. Nilikwenda kumsalimia, nimebeba sukari na kitenge, na kwenye mkoba nimeficha kanga kuukuu na chupa ya juisi ya rozela. Baada ya chai nikamwomba tucheze mchezo. Nilipima mililita 450 za rozela kwenye jagi, jikoni, asione. Nikalowesha ile kanga iliyokunjwa, nikaitandaza kwenye sinia mbele yake.

"Mama, hii ni damu. Kiasi gani?"

Alivaa miwani. Akainama, akaigeuza kanga kwa ncha za vidole. Mjukuu wake alikuwa anacheka mlangoni.

"Mia mbili," akasema. "Mia mbili na hamsini, usinibane."

Nilipomwambia ni 450 alinyamaza kidogo. Niliogopa kwamba nimemkosea adabu, mtu mzima, kwake mwenyewe. Kisha akacheka.

"Unaona? Jicho linadanganya. Mimi sikuwahi kuliamini. Ndiyo maana nashika."

"Usiku ule hukuangalia damu?"

"Nilimwangalia mama. Alikuwa ameacha kumtazama mtoto wake. Mwanamke akishajifungua macho yanamfuata mtoto. Wewe ulikuwa umembeba mtoto unampima, na yeye anatazama dari."

Nimesoma karibu miaka miwili. Nimesoma mapigo ya moyo, presha, na uwiano wa kimoja kwa kingine unaoonyesha kwamba damu imepungua mwilini kabla presha haijashuka. Kile alichokuwa anakisema kina maelezo yake: damu ikipungua, ubongo unaanza kukosa, mtu anapoteza umakini. Ningeweza kumchorea. Badala yake nilitoa daftari nikaandika alivyosema, neno kwa neno. Kisha nikamwonyesha picha ya ule mfuko wenye mistari. Aliushika simu yangu mbali kidogo na macho, akaangalia muda mrefu.

"Hiki kingetusaidia," akasema. "Lakini uwaambie na kushika wasiache."

Nafikiri hapo ndipo nilipolipata jibu la Mama, ingawa si la maneno mazuri. Kiganja cha Mama Mkunga kilijua, lakini elimu yake haikumpa sababu za kuwapa wengine, na cheo chake hakikumpa sauti ya kusema utaratibu ubadilike. Mimi nilikuwa na cheo na kalamu, lakini kiganja changu kilikuwa bado kitupu. Uzamili wa uuguzi, ukieleweka vizuri, ni kazi ya kuvikutanisha hivyo viwili kwa mtu mmoja, na huyo mtu akae mahali wagonjwa walipo.

Mahali ndipo penye mgogoro. Kwa mkataba wa ruhusa ya masomo lazima nirudi kwa mwajiri wangu, na nimekwisha kudokezwa kwamba nikirudi nitawekwa ofisini kuratibu huduma za uzazi. Ni heshima. Kuna meza, kuna safari, kuna posho, na usiku mtu analala. Mwenzangu mmoja wa darasani anajiandaa kwenda kufanya kazi Uingereza, na sithubutu kumhukumu. Ana watoto watatu. Mwingine amepata kazi ya kufundisha chuoni. Wote wana sababu. Ukiangalia kwa makini, milango yote inayofunguka mbele ya muuguzi mwenye uzamili inatoka nje ya wodi.

Nimeandika barua. Nimeomba kazi ya uratibu niifanye siku tatu kwa wiki, na siku mbili na usiku wake nipangiwe chumba cha leba, niwe na wakunga wadogo, tuweke mifuko, tushike matumbo, tuandike. Muuguzi Mfawidhi niliyemwonyesha rasimu alinitazama kama Mama alivyonitazama mwaka 2023. "Unaomba zamu za usiku?" akauliza. "Kwa maandishi?" Barua bado haijajibiwa. Inawezekana jibu likawa hapana, na hapo nitalazimika kuamua upya.

*

Juzi nilishuka Kibirizi kumsaidia Mama kuanika. Mwezi ulikuwa umeanza kupungua, wavuvi wamerudi kazini baada ya siku za mbalamwezi, na chanja zilikuwa zimejaa. Kando ya Mama siku hizi anauza mawese yule mwanamke wa boti. Binti yake wa usiku ule ana miaka mitatu, anakimbiza kunguru wanaoiba dagaa. Mama yake akiniona huniita "nesi wangu" na hunipunguzia bei. Mwanzoni nilikuwa nikilipa bei kamili kwa aibu. Safari hii nilimwomba tuzungumze pembeni, nikamweleza kuhusu nambari niliyoandika usiku ule, na zile dakika.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja tu: kama mfuko ule utafika kwenye kile kituo. Nikamwambia ndicho ninachohangaikia. Akasema, "Basi hangaika," akarudi kwenye madumu yake. Sikupewa msamaha wala lawama. Nilipewa kazi.

Nilipokuwa nageuza dagaa, mteja mmoja kutoka Kasulu alimuuliza Mama binti huyu ni nani, mbona anaanika kama mgeni.

"Huyu wangu," Mama akajibu. "Yuko Muhimbili, anasoma masta."

"Mashallah. Atakuwa daktari?"

Nilisimamisha mkono. Mama hakuniangalia. Alikuwa anachambua beseni lake.

"Hapana," akasema. "Nesi. Anasomea damu."

Yule mteja akafikiri kidogo, akashusha kapu lake, akaketi juu ya gunia. Binti yake, akasema, ana mimba ya miezi minane, na uzazi uliopita alitokwa na damu sana mpaka akazimia. Alitaka kujua ajifungulie wapi.

Nikajifuta mikono, nikaketi naye.